August Willich, mhamiaji wa Kijerumani aliyekuwa jenerali Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Vita vinavyozungumziwa hapa ni Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, kati ya majimbo ya Kaskazini yaliyobaki chini ya serikali ya Muungano na majimbo ya Kusini yaliyojitenga ili kuulinda utumwa. Maswali ya mwanzo ni ya anayelisikia jina la Willich kwa mara ya kwanza. Ya mwisho ni ya wale wanaopenda kubishana.

## Mambo ya msingi

August Willich alikuwa nani?

Alikuwa afisa wa mizinga wa jeshi la Prusia, ufalme mkubwa wa Kijerumani, aliyegeuka mwanamapinduzi, akawa mkimbizi, seremala, mhariri wa gazeti, na hatimaye brigedia jenerali wa jeshi la Kaskazini huko Marekani. Alizaliwa Novemba 1810 Braunsberg, Prusia Mashariki, mji ambao leo uko Poland na unaitwa Braniewo. Alifariki Januari 1878 katika mji mdogo wa St. Marys, jimbo la Ohio.

Baba yake, aliyekuwa afisa wa wapanda farasi, alifariki mtoto akiwa bado mdogo sana. Willich akalelewa nyumbani kwa Friedrich Schleiermacher, mwanateolojia mashuhuri wa Berlin, ambaye mkewe alikuwa na undugu wa ndoa na ukoo wa Willich. Kutoka nyumba hiyo ya vitabu na mahubiri alipelekwa shule ya makadeti Potsdam. Ukitaka kumwelewa, shika yote mawili: kijana aliyelishwa falsafa mezani, kisha akafundishwa kwata uwanjani. Hakuacha hata kimoja maisha yake yote.

Kwa nini aliacha jeshi la Prusia?

Kwa sababu ya siasa. Miaka ya 1840 alikwisha kuwa mtu wa jamhuri ndani ya jeshi la mfalme, na hakujificha. Barua yake ya kujiuzulu iliandikwa kwa maneno makali kiasi kwamba alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, kisha akaruhusiwa kuondoka. Ilikuwa 1846. Afisa mwenye jina la ukoo wa kimwinyi akaenda kujifunza useremala. Watu wa tabaka lake waliona ni aibu. Yeye aliona ni msimamo.

Ni kweli alikuwa mkomunisti?

Ni kweli kabisa. Mapinduzi ya 1848 yalipozuka katika nchi za Kijerumani, Willich aliongoza kikosi cha watu wa kujitolea. Mwaka uliofuata, katika maasi ya Baden na Palatinate, kusini-magharibi mwa nchi hizo, msaidizi wake wa karibu vitani alikuwa Friedrich Engels, huyohuyo rafiki wa Karl Marx. Engels alimsifu kwa ushujaa na utulivu wake kwenye mapigano, ila akalalamika kwamba nje ya mapigano Willich alichosha kwa nadharia zake.

Jeshi la Prusia lililoyazima maasi hayo liliongozwa na Mwanamfalme Wilhelm. Likumbuke jina hilo, litarudi chini. Kikosi cha Willich kilivuka mpaka kuingia Uswisi Julai 1849, kikiwa miongoni mwa vya mwisho kabisa kuondoka.

Je, alitaka kumpiga Karl Marx risasi?

Alimwita kwenye pambano la bastola la watu wawili. Kufikia 1850 wote walikuwa wakimbizi London, ndani ya Umoja wa Wakomunisti, nao umoja ulikuwa umepasuka. Willich na Karl Schapper walitaka mapinduzi yaanzishwe upesi. Marx na Engels waliona wakati haujafika. Maneno yalipozidi, Willich akamwita Marx uwanjani, Marx akakataa. Kijana mfuasi wa Marx, Conrad Schramm, akaichukua changamoto hiyo badala yake.

Walikwenda Ubelgiji, maana Uingereza sheria ilikataza. Willich alikuwa mwanajeshi mzoefu wa silaha, Schramm hakuwa. Risasi ilimkwaruza Schramm kichwani, akaanguka, lakini akapona. Kuhusu Marx alivyomwona Willich miaka mingi baadaye, tazama sehemu ya mwisho.

Alifikaje Marekani, na aliishije?

Alivuka bahari 1853. Alianza na useremala katika gati la jeshi la wanamaji Brooklyn, kisha akapata kazi kwenye upimaji wa pwani, ambako hesabu alizojifunza kwa ajili ya mizinga zilimfaa. Mwaka 1858 alihamia Cincinnati, Ohio, kuhariri gazeti la Kijerumani lililowatetea wafanyakazi. Cincinnati ilikuwa imejaa Wajerumani. Kulikuwa na mtaa mzima ng'ambo ya mfereji ulioitwa Over-the-Rhine, wenye viwanda vya bia, vilabu vya mazoezi ya viungo, kwaya na magazeti ya lugha yao.

"Watu wa 1848" ni akina nani?

Ni wakimbizi wa kisiasa waliotoka nchi za Kijerumani baada ya mapinduzi ya 1848 na 1849 kushindwa. Walikuwa wachache ukilinganisha na mamia ya maelfu ya Wajerumani waliokwenda Marekani kutafuta ardhi na kazi, lakini walikuwa na kalamu, ndimi kali, na baadhi yao uzoefu wa vita. Mbali na Willich walikuwemo Franz Sigel, Carl Schurz, Peter Osterhaus, Alexander Schimmelfennig na Friedrich Hecker. Wote hao walishika vyeo vya juu katika jeshi la Kaskazini.

Kwa jumla, waliozaliwa Ujerumani na kupigana upande wa Kaskazini hukadiriwa kuwa takriban 200,000, kundi kubwa kuliko la wageni wa taifa lingine lolote.

## Kuingia jeshini

Mhamiaji anaanzaje kupigania nchi ambayo si yake?

Wengi walifuata vitu vya kawaida: mshahara, majirani waliojiandikisha, fedheha ya kubaki nyumbani. Askari wa kawaida alilipwa dola 13 kwa mwezi, na katikati ya 1864 zikawa 16. Kwa mtu aliyeshuka melini juzi, hizo zilikuwa fedha za uhakika, japo mara nyingi zilichelewa kwa miezi.

Kwa watu wa aina ya Willich sababu ilikuwa nyingine. Waliona utumwa wa Kusini na umwinyi wa Ulaya kuwa adui mmoja aliyevaa mavazi mawili. Vita walivyoshindwa Baden walipewa nafasi ya kuvipigana upya Kentucky na Tennessee, safari hii wakiwa na serikali nyuma yao. Ndiyo maana naona wanakosea wanaomgawa Willich vipande viwili, mkomunisti hadi 1853 na askari baada ya 1861. Angalia alivyoendesha kambi yake (swali la maisha ya kambini) uone kama kuna mpasuko wowote.

Ilikuwa lazima kuwa raia?

Hapana. Jeshi la kujitolea lilipokea wageni, na sheria ya Julai 1862 ilirahisisha mambo zaidi: mgeni aliyetimiza miaka 21 na kuachiliwa jeshini kwa heshima aliweza kuomba uraia akiwa ameishi nchini mwaka mmoja tu.

Vyeo navyo vilitoka mahali pawili. Kanali wa rejimenti ya kujitolea aliteuliwa na gavana wa jimbo. Brigedia jenerali aliteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti. Magavana walijua kwamba kumpa Mjerumani maarufu ukanali ni kuwavuta Wajerumani elfu moja kujiandikisha. Siasa ilikuwemo, tusijidanganye, na baadhi ya majenerali wa Kijerumani walipanda kwa kura za watu wao kuliko kwa uwezo wao. Willich hakuwa mmoja wao.

Alianza na cheo gani?

Alijiandikisha Cincinnati 1861, akiwa na miaka 50, katika Rejimenti ya 9 ya Ohio, iliyokusanywa kwa siku chache tu miongoni mwa Wajerumani wa mji ule. Kamanda rasmi alikuwa wakili wa Kimarekani, Robert McCook, aliyetania kwamba yeye ni karani tu wa Wajerumani elfu moja. Willich alianza kama ofisa mtendaji wa rejimenti, kisha akawa meja, na mafunzo yote yalikuwa mikononi mwake. Walipigana Rich Mountain, magharibi mwa Virginia, Julai 1861.

Muda mfupi baadaye Gavana Oliver Morton wa Indiana akamwita aunde rejimenti ya Wajerumani wa jimbo lake. Ndiyo ikawa Rejimenti ya 32 ya Indiana, naye akawa kanali wake.

Amri zilitolewa kwa lugha gani?

Kijerumani. Na juu ya Kijerumani kulikuwa na tarumbeta: Willich alitumia milio ya ishara ya Kiprusia, kwa hiyo rejimenti iliweza kuongozwa katikati ya moshi na kelele ambapo sauti ya mtu haisikiki. Majirani wao Wamarekani hawakuielewa milio hiyo mwanzoni. Adui naye hakuielewa.

Maisha ya kambini chini yake yalikuwaje?

Kwata asubuhi, kwata mchana. Waliomfahamu juujuu walimwona mkali wa Kiprusia. Askari wake walimwita "Papa".

Jina hilo alilipata kwa mambo madogomadogo. Chakula cha jeshi kilikuwa biskuti kavu ngumu, ambayo askari waliivunja kwa kitako cha bunduki na kuilowesha kwenye kahawa ili kuwatoa funza. Willich aliamuru zijengwe tanuri za matofali kambini, askari wale mkate mpya. Aliyewahi kulala jeshini atajua kwamba kamanda anayefikiria mkate kabla ya gwaride hupata gwaride zuri bila kugombana na mtu.

Kisha kulikuwa na hotuba. Aliwaita watu wake raia, akawazungumzia juu ya haki za wafanyakazi na maana ya vita wanavyopigana. Kwa Willich nidhamu haikuwa hofu ya kuadhibiwa. Alitaka askari atii kwa sababu ameelewa, na alikuwa tayari kutumia jioni nzima kumwelewesha, jambo ambalo bila shaka liliwachosha wengine kama lilivyomchosha Engels.

## Mapigano

Rowlett's Station palitokea nini?

Desemba 17, 1861, karibu na Munfordville, Kentucky. Rejimenti ya 32 ililinda matengenezo ya daraja la reli juu ya Mto Green, ambalo watu wa Kusini walikuwa wamelibomoa sehemu. Wapanda farasi wa Texas wakawashambulia waliokuwa wamevuka mto. Willich mwenyewe hakuwepo mwanzoni. Aliyeongoza ni luteni kanali wake, Henry von Trebra, na Willich akafika mapigano yakiendelea.

Askari wa miguu anayeshambuliwa na farasi hushikwa na tamaa ya kukimbia, na akikimbia amekwisha. Wajerumani hawa walijikusanya, wakaacha farasi wasogee karibu sana, ndipo wakafyatua kwa pamoja. Kanali wa Texas, Benjamin Terry, aliuawa hapo. Rejimenti ilipoteza watu wake pia, na kaburi lao lina habari yake (tazama swali la mnara).

Ni kweli aliwapigisha kwata chini ya risasi?

Ni kweli, na hiki ndicho kisa kinachosimuliwa zaidi. Ilikuwa Shiloh, Tennessee, Aprili 7, 1862, siku ya pili ya vita. Siku ya kwanza jeshi la Jenerali Grant wa Kaskazini lilikuwa limeshtukizwa na kusukumwa hadi karibu na mto. Usiku ule na asubuhi yake likawasili jeshi la Jenerali Buell, naye wa Kaskazini, na Rejimenti ya 32 ikiwemo.

Katikati ya mapigano ya siku ile, watu wa Willich walianza kuyumba. Risasi zao zikawa za ovyo, kila mtu akifyatua kivyake. Willich akasogea mbele ya safu, akawageuzia adui mgongo, akawatazama watu wake, kisha akaanza kuwatolea amri za kwata ya silaha kama wako uwanja wa mazoezi: silaha begani, silaha chini, silaha mkononi. Watu walikuwa wakianguka, huku mikono ikirudi kwenye mazoea yake. Bendi ikapiga Marseillaise, wimbo wa mapinduzi ya Ufaransa. Rejimenti ilipotulia, ikasonga mbele na singe. Jenerali Lew Wallace, aliyekuwa upande ule wa uwanja, alikumbuka tukio hilo hata uzeeni.

Wapo wanaoliita jambo hilo kichaa. Mimi naliona ni hesabu. Hofu huanzia mikononi: askari anayepakia bunduki vibaya ameshapotea kabla hajakimbia. Willich aliirudisha mikono kwanza. Na mgongo kuwapa adui ulikuwa na maana yake, kwani aliyetazama uso wake aliona mtu asiyeogopa kilicho nyuma yake.

Mwezi Julai mwaka huohuo akapandishwa kuwa brigedia jenerali.

Je, Wamarekani walikubali kuongozwa na Mjerumani?

Brigedi yake ilikuwa na rejimenti tano: za 32 na 39 za Indiana, za 15 na 49 za Ohio, na ya 89 ya Illinois. Ya Kijerumani ilikuwa moja tu. Kwa hiyo wengi wa watu wake walikuwa vijana wa mashambani wasiojua neno la Kijerumani, wakiongozwa na mzee mwenye lafudhi nzito ya Kiingereza. Walimcheka, wakaiga matamshi yake, kisha wakamwamini. Mkate na mafunzo havihitaji mkalimani.

Alikamatwaje mateka?

Kwa bahati mbaya na kwa uzembe wa wakubwa. Alfajiri ya Desemba 31, 1862, Stones River, nje ya Murfreesboro, Tennessee, jeshi la Kusini lilivamia upande wa kulia wa jeshi la Kaskazini wakati askari wakipika kifungua kinywa. Willich alikuwa amekwenda makao ya divisheni. Aliposikia mlio akarudi mbio juu ya farasi, farasi akapigwa risasi, naye akajikuta katikati ya adui. Brigedi yake ilisambaratika bila yeye.

Alipelekwa Richmond, Virginia, kwenye gereza la Libby, ghala la zamani kando ya Mto James lililogeuzwa kuwa jela ya maafisa. Walilala sakafuni, wakabanana, wakala kidogo. Siku aliyokamatwa ilikuwa mkesha wa Tangazo la Lincoln la kuwaweka huru watumwa wa maeneo ya waasi, lililoanza kutumika Januari 1, 1863. Mtu aliyelisubiri tangazo hilo miaka mingi aliipokea siku yake akiwa mateka wa wenye watumwa. Aliachiliwa kwa mpango wa kubadilishana mateka Mei 1863.

Ile mbinu ya kufyatua huku mkisonga ilifanyaje kazi?

Gerezani alikuwa na muda wa kufikiri, na alirudi na wazo. Bunduki za wakati ule zilijazwa mdomoni, kama gobore: mimina baruti, sukuma risasi kwa fimbo, weka fataki, lenga. Askari mzuri alifyatua mara tatu kwa dakika. Tatizo lilikuwa kwamba wakati wa kupakia husogei, na ukisogea hufyatui. Mashambulizi mengi yalikufa hapo katikati.

Willich alipanga watu safu nne. Safu ya mbele inafyatua na kusimama papo hapo kupakia. Ya nyuma yake inapita mbele hatua chache, inafyatua. Inafuata ya tatu, kisha ya nne. Ya nne ikimaliza, ya kwanza imeshapakia na sasa ndiyo iko nyuma, inapita tena mbele. Moto haukatiki na mstari mzima unakwenda. Inaonekana rahisi kwenye karatasi. Kuwafanya watu wapite mbele ya wenzao wenye bunduki zilizojaa, ndani ya moshi, bila kuuana wenyewe, kunataka mazoezi ya kutosha, na hapo kwata yake ikalipa. Waliitumia Liberty Gap, Tennessee, mwishoni mwa Juni 1863.

Nani hasa alifika wa kwanza juu ya Missionary Ridge?

Ugomvi huu ulidumu hadi maveterani walipokufa. Septemba 1863 brigedi yake ilikuwa Chickamauga, ambako Kaskazini ilishindwa na kujifungia Chattanooga. Novemba 25 Grant akaagiza yatekwe mahandaki yaliyokuwa chini ya mlima wa Missionary Ridge, basi. Yalipotekwa, askari wakajikuta wanapigwa risasi kutoka juu, hawawezi kukaa na hawataki kurudi nyuma. Wakaanza kupanda. Jeshi la Kusini chini ya Jenerali Braxton Bragg likavunjika na kukimbia.

Watu wa Willich walidai wao ndio walifika kileleni kwanza. Brigedi nyingine nazo zilidai hivyo. Mlima ule una mabonde na migongo mingi na aliyekuwa upande mmoja hakuona upande wa pili, kwa hiyo kila mmoja alikuwa mkweli kwa alichokiona. Linaloeleweka ni kwamba brigedi ya Willich ilikuwa miongoni mwa za kwanza.

Vita vyake viliishaje?

Mei 1864, Resaca, Georgia, mwanzoni mwa kampeni ya Jenerali Sherman wa Kaskazini ya kwenda Atlanta. Alipata jeraha baya lililomwondoa mstari wa mbele moja kwa moja. Alipewa kazi za utawala katika eneo la Cincinnati na miji ya Covington na Newport ng'ambo ya Mto Ohio, na mwisho wa vita akatunukiwa cheo cha heshima cha meja jenerali.

## Maswali ya wanaobishana

Kwa nini askari wa Kijerumani walidharauliwa?

Kwa sababu ya Chancellorsville, kwa sehemu kubwa. Mei 1863, huko Virginia, Jenerali Stonewall Jackson wa Kusini aliwavamia kutoka ubavuni askari wa Kori ya 11 ya Kaskazini (kori ni kundi la divisheni kadhaa), na Wajerumani wengi walikuwemo. Wakakimbia. Magazeti yakawabebesha lawama za kushindwa kote, ingawa Kori hiyo ilikuwa na Wamarekani wengi kuliko Wajerumani, na ingawa makamanda wa juu walipuuza taarifa kwamba adui anazunguka. Dharau dhidi ya wahamiaji ilikuwepo hata kabla ya vita, ikapata kisingizio.

Willich alikuwa mbali, jeshi la magharibi, na sifa ya watu wake ilisaidia. Ila haki haitakiwi kutegemea sifa: askari aliyeshambuliwa ubavuni bila kuonywa atakimbia, awe wa Ohio au wa Baden.

Msimamo wake kuhusu utumwa ulikuwa upi?

Alikuwa mpinzani wake wa wazi. Desemba 1859, John Brown aliponyongwa kwa kujaribu kuwaamsha watumwa wa Virginia waasi, Willich alikuwa miongoni mwa walioongoza maombolezo Cincinnati, Wajerumani na Weusi wa mji ule pamoja. Kwa mwaka ule na mji ule, ng'ambo ya mto tu kutoka Kentucky ya watumwa, hilo halikuwa jambo la kawaida hata kidogo. Wahamiaji wengi wa Kijerumani hawakufika huko. Wapo walioogopa kwamba watumwa wakiachiliwa watagombea nao kazi.

Baada ya vita alifanya nini?

Alichaguliwa mkaguzi wa hesabu wa kaunti ya Hamilton, ambamo Cincinnati imo. Kazi yenye maslahi mazuri, na bila shaka angeweza kuzeekea hapo.

Mwaka 1870 alikuwa Ujerumani vita vya Ufaransa na Prusia vilipozuka. Akajitolea kulitumikia jeshi la Mfalme Wilhelm wa Kwanza, yaani Mwanamfalme Wilhelm yuleyule aliyemfukuza Baden. Akakataliwa: umri umekwenda, afya si nzuri, na siasa zake zinajulikana. Wafuasi wake wa zamani walikunja uso. Mimi naona aliiona Ujerumani iliyoungana kuwa hatua, awe mfalme yupo au hayupo, lakini sitashangaa ukisema alikosea. Badala ya jeshi akaketi na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Berlin kusikiliza falsafa, akiwa na takriban miaka 60. Kisha akarudi Ohio, St. Marys, ambako amezikwa.

Marx alimsamehe?

Alibadili maneno. Katika nyongeza aliyoiandika 1875 kwenye chapisho lake la zamani kuhusu kesi ya wakomunisti wa Cologne, Marx alikiri kwamba Willich alionyesha kwenye vita vya Marekani kuwa ni zaidi ya mwota ndoto. Kutoka kwa Marx, kuhusu mtu aliyetaka kumfyatulia bastola, hiyo ni sifa kubwa.

Ana uhusiano wowote na Wajerumani waliotawala Afrika Mashariki?

Hana. Willich alifariki 1878, na Ujerumani ilianza kudai ardhi za Tanganyika 1885 kwa mikataba ya Carl Peters. Anayesikia "afisa wa Kijerumani" na kumwazia von Lettow-Vorbeck wa 1914 anazungumzia kizazi kingine na dola nyingine. Willich alipozaliwa hapakuwa hata na nchi moja inayoitwa Ujerumani. Hiyo iliundwa 1871.

Namchanganya na Sigel. Tofauti ni ipi?

Franz Sigel aliongoza jeshi la Baden 1849, na Marekani alikuwa maarufu kuliko Willich. Wajerumani walijiandikisha kwa kutajiwa jina lake tu. Alifanya vizuri Pea Ridge, Arkansas, Machi 1862, lakini Mei 1864 akashindwa vibaya New Market, Virginia. Kwa umaarufu, Sigel. Kwa uongozi wa askari chini ya moto, Willich, hakuna ubishi kwangu.

Huo mnara wa rejimenti yake uko wapi?

Mapema 1862, askari wa kawaida wa Rejimenti ya 32, August Bloedner, alichonga jiwe la chokaa kwa ajili ya wenzake 13 waliokufa Rowlett's Station: tai, bendera, mizinga, na maandishi ya Kijerumani. Huhesabiwa kuwa kumbukumbu ya zamani zaidi iliyobaki ya vita hivyo. Mwaka 1867 ulihamishwa pamoja na mabaki ya askari kwenda makaburi ya Cave Hill, Louisville, Kentucky. Jiwe la chokaa halivumilii mvua, na kufikia karne hii maandishi mengi yalikuwa yamemomonyoka. Uliondolewa 2008 ili uhifadhiwe, ukapelekwa jumba la makumbusho la Frazier mjini humohumo. Pale Cave Hill umewekwa mwingine badala yake, kwa hiyo ukitaka kuona mkono wa Bloedner mwenyewe, usiende makaburini, nenda makumbusho.